Moto haumalizi taka: maneno ninayoyasikia kila siku ya usafi kijijini

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, vijiji vingi vya pwani yetu huamka na reki, mafyekeo na viroba. Kikundi cha mazingira kinatangulia, wanafunzi wanafuata, mwenyekiti wa kijiji anapita akihimiza. Ikifika saa nne ufukwe umesafika na takataka zote zimelundikwa pamoja. Halafu mtu anaitisha kiberiti.

Hapo ndipo subira yangu inapoisha. Kazi ya asubuhi nzima inaharibiwa kwa dakika chache, na anayeiharibu anaamini kwamba anaikamilisha. Kazi yangu ni kushauri vikundi vya kujitolea juu ya taka, na maneno haya yaliyo hapa chini nimeyasikia kutoka kwa wazee, walimu, na hata viongozi wa vikundi waliokwisha kupata mafunzo. Sasa nayaandika.

"Tukishachoma, taka zimekwisha"

Hazijaisha. Kilichokuwa mfuko, chupa na kandambili kimekuwa moshi, masizi na majivu. Tunachopaswa kuulizana ni vimekwenda wapi. Vimekwenda kwenye vifua vyetu, kwenye mchanga wa uani, na kwenye mayai ya kuku tunaowafuga.

Watu huniambia, "Mbona Ulaya nao wanachoma?" Wanachoma, ndiyo. Lakini tanuri la taka kule linatakiwa kisheria kufikisha gesi zake nyuzi joto 850 za Selsiasi na kuzishikilia kwenye joto hilo kwa angalau sekunde mbili, kisha moshi upite kwenye vichujio kabla ya kutoka nje. Rundo letu chini ya mkungu halina hata kimoja cha hivyo. Juu kuna mwali, katikati hakuna hewa, na kwa chini linafukuta hadi usiku. Ule moshi mweusi mzito unaotambaa kuelekea majumbani ndio ushahidi kwamba mchomo haukukamilika. Ndani yake mna chembe zenye upana wa chini ya mikromita 2.5, ndogo kiasi cha kupita puani na kooni bila kuzuiwa na kufika mwisho kabisa wa mapafu. Mtoto mwenye pumu anazipata kwanza, lakini hakuna anayezikwepa.

Kuna sumu nyingine isiyoonekana wala kunusika: dioksini. Hutengenezwa pale kaboni, klorini na moto hafifu vinapokutana. Nikisema hivyo najibiwa kwamba "sisi hatuchomi PVC," yaani ile plastiki yenye klorini. Angalieni tena kwenye rundo. Maganda ya nyaya za umeme, vipande vya mabomba, vitambaa vya meza vya plastiki, vyote hivyo mara nyingi ni PVC, na klorini imo. Tena sisi wa pwani tuna jambo ambalo watu wa bara hawanalo. Kila tunachookota ufukweni kimelowa maji ya bahari, na chumvi yenyewe ni sodiamu na klorini. Hata gogo lililoelea baharini likachomwa pamoja na chumvi yake linaweza kutoa dioksini. Ndiyo maana moto wa taka za ufukweni unanikera kuliko moto mwingine wowote.

Haya si mawazo yangu. Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa mwaka 2001 na ambao Tanzania na Kenya zote ni wanachama, unataja uchomaji wa taka mahali pa wazi miongoni mwa vyanzo vya dioksini. Sumu hii hukaa kwenye mafuta ya mwili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huchukua kati ya miaka 7 na 11 kwa kiasi kilichomo mwilini kupungua hadi nusu tu. Mama anayenyonyesha anampa mtoto sehemu yake kupitia maziwa.

Na kuku? Kuku wa kienyeji anachakura, na jivu la taka ndilo analolipenda, maana ni laini na lina mabaki ya chakula. Mwaka 2005 ilitolewa ripoti ya mayai yaliyokusanywa karibu na dampo la Dandora, Nairobi, ambako taka huungua daima. Yalikutwa na dioksini kupita kiwango kinachoruhusiwa kwenye Umoja wa Ulaya. Kijiji chenu si Dandora, sawa. Lakini kuku wenu wanachakura palepale mnapochomea, na mayai hayo mnawapa watoto mkiamini mnawajenga afya.

Niseme pia kuhusu jikoni, kwa sababu kina mama ninaowaheshimu sana hunijibu, "Kidogo tu, mwanangu, cha kuwashia mkaa." Kipande cha mfuko kila alfajiri, ndani ya jiko lisilo na dirisha, uso ukiwa juu ya jiko na mtoto mgongoni. Moshi huo unavutwa kwa karibu kuliko moshi wa rundo lolote la ufukweni. Pwani tumejaliwa makumbi, vifuu na makuti makavu; boksi kavu nalo linawasha vizuri. Hakuna sababu ya plastiki kuingia jikoni.

Majivu nayo yana dhana yake: eti ni mbolea. Jivu la kuni, ndiyo, linafaa bustanini. Jivu la rundo lililokuwa na betri, makopo ya rangi na vifaa vya umeme lina risasi na kadmiamu, na metali hizo haziungui wala haziozi. Usilimwagie mchicha.

"Basi tufanye nini, tuziache?" Tengeni wakati wa kuokota, si baadaye. Mtu akishatupa kila kitu kwenye kiroba kimoja, hakuna atakayerudi kuchambua, nimeliona hilo kila mahali. Anzeni na vinavyooza. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba katika nchi zenye kipato cha chini, mabaki ya chakula na majani ni asilimia 56 ya taka zote. Maganda ya mihogo, majani ya migomba, mwani uliopigwa ufukweni, samadi: hivyo ni mboji. Suuzeni mwani kwa maji yasiyo na chumvi au uacheni upigwe na mvua kwanza ili chumvi ipungue. Kijiji kikifanya hili tu, rundo linalobaki si tena lile linalowatisha watu hadi waitishe kiberiti.

Vyuma na makopo vina wanunuzi wa vyuma chakavu, wanapita wenyewe. Chupa za maji na plastiki ngumu nitazifikia. Linalobaki ni plastiki laini: pakiti za biskuti, vifuko vya sabuni, nailoni. Hilo ndilo gumu kweli, na sitawadanganya kwamba lina suluhisho tamu kijijini. Zikausheni, zishindilieni kwenye viroba, ziwekeni chini ya paa pasipopigwa jua mpaka ipatikane njia ya kuzisafirisha hadi dampo rasmi la wilaya. Mkikosa kabisa, shimo lililofukiwa, mbali na kisima, lisiwe upande wa juu wake, na lisifike kwenye maji ya ardhini. Mchanga wa pwani unapitisha maji haraka. Ni heri nione viroba kumi vya pakiti vimesimama kwenye stoo ya kijiji kuliko moto mmoja. Na kijiji kina uwezo wa kupendekeza sheria ndogo: likipita kwenye mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, katazo la kuchoma plastiki linakuwa na nguvu kuliko mimi kuja kupiga kelele.

"Ina alama ya mishale, kwa hiyo inarejelezwa"

Alama hiyo yenye namba katikati ilianzishwa na watengenezaji wa plastiki Marekani mwaka 1988, na kazi yake ni kutaja aina ya plastiki. Namba 1 ni PET ya chupa za maji na soda, namba 2 ni ile ya madumu, namba 5 ni polipropilini ya vifuniko vingi na ndoo. Haikuahidi kwamba kuna kiwanda karibu nawe kinachoitaka. Kama namba imefutika, tumbukiza kipande kwenye ndoo ya maji: PET inazama, plastiki ya dumu na polipropilini zinaelea. Kwa kazi ya kutenga ghalani, hilo linatosha.

"Kusanyeni tu, mnunuzi atakuja"

Haji. Chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa gramu 10 hadi 20 hivi, maana yake kilo moja ni chupa 50 hadi 100. Gari lililojaa chupa zisizobanwa limebeba hewa, na hakuna anayelipa mafuta ya gari kwa ajili ya hewa. Mpigieni mnunuzi kabla ya kuokota chupa ya kwanza. Mwulizeni anataka aina gani na rangi gani, anaanzia kilo ngapi, na usafiri ni wa nani. Kisha bandueni vifuniko, kandamizeni chupa, tengeni zisizo na rangi.

Vijana wengine wanataka kutengeneza bidhaa wenyewe, na wananitajia Flipflopi, lile jahazi la Lamu la mita 9 lililojengwa kwa takriban tani 10 za plastiki na kuvikwa kandambili zipatazo 30,000, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Ni kazi ya kujivunia. Lakini ilifanywa na mafundi majahazi wakishirikiana na watu wenye mashine za kuyeyushia plastiki kwa joto linalodhibitiwa. Kuyeyusha chupa na mchanga kwenye pipa juu ya kuni ili kupata vitofali ni moto uleule niliousema, safari hii fundi ameuinamia kutwa nzima.

"Mifuko mbadala siyo plastiki"

Ni plastiki. Mingi ya ile iliyoingia sokoni Tanzania baada ya katazo la mifuko ya plastiki la 1 Juni 2019, inayoonekana kama kitambaa, ni nyuzi za polipropilini. Faida yake ni kutumika mara nyingi. Ikitupwa mara ya kwanza haina ubora wowote kuliko rambo, na kwenye mboji haiozi. Kikapu cha ukindu kipo.

"Tunaokota makopo ili tuondoe malaria"

Okoteni, ila kwa sababu iliyo sahihi. Mbu wa malaria anapenda madimbwi ya ardhini, nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, kingo za majaruba. Anayezaliana kwenye kopo, tairi na kifuu ni mbu wa Aedes, anayeng'ata mchana na kueneza homa ya dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mkimaliza makopo mkaacha madimbwi, malaria iko palepale, na watu watasema usafi haufanyi kazi. Chandarua usikivue.

"Kujitolea ni bure"

Nguvu ndiyo inayotolewa bure. Glovu ngumu, viatu vilivyofunika vidole, maji ya kunywa na sabuni vina gharama, na kikundi kisichopanga fedha hizo kinaishia kutuma watoto pekupeku kwenye vioo. Wekeni mweka hazina na daftari linalosomwa mbele ya mkutano wa kijiji, hata kama fedha ni za kilo chache za chupa. Na sindano ikionekana, mtoto asiiguse. Mtu mzima mwenye glovu aitie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, aipeleke zahanati siku hiyohiyo.