Matukio ya programu kwenye Spring: nani anatangaza, nani anasikia, na lini

Ukiandika programu za seva kwa Spring (fremuweki ya Java) muda mrefu kidogo, lazima utakutana na klasi ya aina hii: inaitwa HudumaYaOda, kazi yake kupokea oda ya mteja na kuihifadhi, lakini konstrakta yake (sehemu inayopokea vitu ambavyo klasi inahitaji ili itengenezwe) inadai huduma ya SMS, huduma ya imeili, stoo, pointi za mteja, ripoti, na kila wazo jipya la ofisini linaongeza mstari palepale. Mtu wa SMS akibadilisha kitu, oda zinaharibika. Mtu wa pointi akiongeza kitu, testi za oda zinaanguka. Matukio ya programu yapo kwa ajili ya hali hiyo.

Maana yake ni hii, sehemu moja ya programu inasema "jambo fulani limetokea" bila kujua nani atasikia wala watakuwa wangapi, na wanaohusika wanajiandikisha wenyewe kusikia. Ni kupiga mbiu tu. Spring inaweza hilo bila laibrari ya ziada kwa sababu kontena yake ndo inayotengeneza bini zote (yaani vitu vya programu inavyovisimamia, kama hizo huduma) na kuzichomekea zinachohitaji, kwa hiyo inazijua zote na inajua nani kati yao anasikiliza nini.

Tukio lenyewe siku hizi ni klasi ya kawaida kabisa. Zamani ulilazimika kurithi ApplicationEvent na msikilizaji atekeleze ApplicationListener, ila tangu Spring 4.2 ya mwaka 2015 kitu chochote kinaweza kuwa tukio, kwa hiyo unaandika hivi yameisha:

record OdaImepokelewa(Long odaId) {}

Hapo kwenye jina mi huwa mkali. Jina liwe la jambo lililokwisha tokea, OdaImepokelewa, sio TumaSmsKwaMteja, maana hilo la pili ni amri na ukishaandika amri umeshamjua anayetumwa, umerudi kulekule ulikokuwa unakimbia.

Kutangaza, unaomba ApplicationEventPublisher kwenye konstrakta, alafu baada ya kuhifadhi oda unaandika publisher.publishEvent(new OdaImepokelewa(oda.getId())). Upande wa pili unaweka @EventListener juu ya methodi ya bini yoyote, na aina ya parameta ya hiyo methodi ndo inayoamua itasikia tukio gani. Ila angalia, kama klasi ya msikilizaji haijasajiliwa kama bini hutaona kosa lolote, tukio linatangazwa, hakuna anayesikia, programu inaendelea kimya, na we unabaki unajiuliza SMS zimeenda wapi.

Sasa hapa ndo pa kukaa vizuri, kwa sababu watu wengi wakisikia "tukio" wanadhani kazi inatupwa pembeni ifanyike baadaye. Hapana. Usipobadilisha chochote, Spring inawaita wasikilizaji mmoja baada ya mwingine kwenye thredi (njia ya utekelezaji) ileile ya aliyetangaza, na publishEvent hairudi mpaka wote wamalize. Maana yake kama mtandao wa SMS unasuasua kwa sekunde 8, mteja wako anakodolea skrini sekunde hizohizo 8. Na msikilizaji akirusha eksepsheni, yaani kosa, inarudi mpaka kwa aliyetangaza, wasikilizaji waliokuwa nyuma yake kwenye foleni hawafikiwi, na kama ulikuwa ndani ya @Transactional (muamala wa databesi, mabadiliko yanayofaulu yote au kufutwa yote) basi oda nzima inaweza kurudishwa nyuma kwa sababu tu SMS imegoma. Kwa stoo hiyo tabia ni nzuri sana, unataka kupunguza bidhaa na kuhifadhi oda vifaulu pamoja au vife pamoja. Kwa SMS ni maumivu.

Wengi hapo wanakimbilia @Async (na wanasahau @EnableAsync, bila hiyo haifanyi lolote). Sawa, mteja hasubiri tena, lakini msikilizaji yuko kwenye thredi nyingine, muamala wa databesi hakwenda nao, kosa lake halimfikii tena aliyetangaza, na kuna hili linalouma zaidi: anaweza kuwahi. Anaitafuta oda namba fulani kwenye databesi kabla aliyetangaza hajakomiti (hajathibitisha muamala wake), haioni, anasema oda haipo. Kwenye kompyuta yako inafanya kazi vizuri, kwenye seva yenye watu wengi inakataa mara moja moja, na kosa la namna hiyo kulikamata ni shughuli.

Dawa yake ni @TransactionalEventListener. Hii inamshikilia msikilizaji mpaka muamala ukomitiwe ndo aitwe, na muamala ukirudishwa nyuma haitwi kabisa, kwa hiyo mteja hapati SMS ya oda ambayo haipo. Ukiichanganya na @Async unapata vyote, oda ipo kweli na mteja hasubiri. Ina masharti yake lakini. Ukitangaza nje ya muamala msikilizaji anarukwa tu, labda uweke fallbackExecution = true. Na kama msikilizaji asiye wa @Async anataka kuandika kwenye databesi baada ya komiti, mfungulie muamala mpya kwa REQUIRES_NEW, vinginevyo anaandika kwenye muamala uliokwisha fungwa na data haihifadhiwi.

Pia usitumie tukio pale unapohitaji jibu. Kama oda haiwezi kuendelea bila kujua salio la mteja, ita methodi moja kwa moja, inasomeka na inafuatilika.

Na mipaka yake ni memori ya programu hiyohiyo moja. Ukiendesha nakala tatu za programu, tukio la nakala ya kwanza halisikiki kwenye ya pili, na seva ikizima baada ya komiti ila kabla SMS haijatoka, tukio limepotea. Kupeleka habari kwa programu nyingine ni kazi ya Kafka au RabbitMQ, mifumo ya kupitisha ujumbe kati ya programu. Kama shida yako ni kupotea tu, tazama Spring Modulith, mradi mwingine wa Spring, inaweza kuandika tukio kwenye jedwali la databesi ndani ya muamala uleule wa oda na kuliweka alama msikilizaji akishamaliza, kwa hiyo hata umeme ukikatika katikati unajua ni SMS zipi bado zinadaiwa.