Injini ya dizeli iliyofungwa upya haibembelezwi

Gereji nyingi bado zinashikilia hivi: injini ya dizeli ikishafumuliwa na kufungwa upya, iache iungurume papo hapo kutwa nzima ili "ringi zikae", yaani ringi za pistoni zizoee ukuta wa silinda na kuziba vizuri. Mwenye gari anaondoka ameridhika. Wiki kadhaa baadaye anarudi na moshi wa bluu, na ukifungua kifuniko cha oili unakuta injini inapumua: gesi za mwako zinapenya kwenye ringi na kutokea hapo.

Kinachoikandamiza ringi kwenye laina (ukuta wa ndani wa silinda) hasa ni presha ya gesi inayoingia nyuma yake. Injini isiyobeba mzigo inachoma dizeli kidogo, kwa hiyo presha hiyo ni ndogo. Ile michoro ya mshazari iliyoachwa na jiwe la kusafishia laina inajaa oili iliyoungua na kuwa kama kioo. Hapo ringi hazina tena cha kusuguana nacho. Mara nyingi dawa ni kufumua tena, na fundi aliyebembeleza ndiye anayelaumu ringi feki (ambazo, kweli, zipo).

Iwashe, angalia presha ya oili na kama kuna panapovuja, ipate moto kiasi, kisha itoke barabarani ikiwa na mzigo wa wastani. Kilima ni rafiki. Usikanyage mafuta hadi mwisho, wala usikae kwenye mwendo mmoja muda mrefu.

Moshi mweupe usioisha hata injini ikiwa ya moto ni habari nyingine: kagua taimingi ya pampu ya dizeli (wakati inaposukuma mafuta), nozeli zinazoyapuliza na kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda) kabla ya kuzigusa ringi.