GCC ni ileile, maktaba ya C ndiyo inayobadilika

Ukishasakinisha MSYS2, mkusanyiko wa zana za kujengea programu, kwenye Windows, menyu inakupa terminali kadhaa: MSYS, MINGW64, UCRT64, CLANG64. Wengi hufungua yoyote, wakaandika gcc (kompaila, yaani kitafsiri cha msimbo wa C), programu ikatoka, wakaendelea na kazi. Taabu huanza programu hiyo inapohamia kompyuta nyingine, au inapounganishwa na maktaba iliyojengwa kwingine.

Kinachotenganisha mazingira haya hasa ni maktaba ya C, yaani kazi za msingi za lugha hiyo, ambayo programu itaitegemea wakati wa kukimbia. MINGW64 hutegemea msvcrt.dll (DLL ni faili la maktaba linalopakiwa programu inapokimbia), ya tangu miaka ya 1990. UCRT64 hutegemea UCRT (Universal C Runtime), iliyokuja na Windows 10 mwaka 2015. CLANG64 nayo hutumia UCRT, ila kompaila yake ni Clang badala ya GCC, na maktaba ya C++ ni libc++. MSYS iko mbali na zote: imetokana na Cygwin, mfumo unaoiga Unix juu ya Windows, na utakachojenga humo kitadai msys-2.0.dll, maana ndiyo inayoigiza mambo ya Unix kama fork (kuzalisha mchakato mpya).

Jaribu kuchapisha sizeof(long), ukubwa wa namba ya aina ya long kwa baiti, kwenye mashine ya biti 64. Ndani ya MSYS utapata 8. Ndani ya UCRT64 utapata 4. Msimbo unaohifadhi anwani ya kumbukumbu ndani ya long utafanya kazi vizuri upande mmoja, na upande wa pili utaikata anwani hiyo nusu.

Hatari kubwa zaidi ni kuchanganya. Maktaba ya MINGW64 ikitenga kumbukumbu kwa malloc, halafu programu ya UCRT64 ikaiachilia kwa free, kumbukumbu inavurugika, kwa kuwa kila maktaba ya C inasimamia eneo lake. FILE*, kiashiria cha faili lililofunguliwa, nayo haivuki salama. Mbaya ni kwamba programu huweza kuanguka mbali kabisa na mstari wenye kosa, ukabaki unachunguza msimbo usio na hatia.

Kwa kazi mpya mimi napendekeza UCRT64, ambayo MSYS2 waliifanya chaguo la msingi mwaka 2022. Inakubali UTF-8 (usimbaji wa herufi za lugha zote) kama lokali, yaani mpangilio wa lugha na herufi, jambo ambalo msvcrt haiwezi. MSYS iachie bash na zana za kujengea.

Kama umerithi mradi, kagua faili la exe na kila DLL inayosafiri nalo, uone zinategemea DLL zipi:

objdump -p programu.exe | grep "DLL Name"

Majina yanayoanza na api-ms-win-crt ni ya UCRT. Moja ya DLL zako ikionyesha msvcrt.dll huku nyingine zikionyesha hayo, ijenge upya hiyo kabla hujagusa kitu kingine.