Greda sio bladi, na kuchonga sio kusawazisha

Juzi nimesikia tena. Jirani ana trekta, Massey Ferguson ya zamani, anataka kutengeneza njia yake ya changarawe kutoka barabara kubwa mpaka getini, anamwambia fundi wa kuchomea "nitengenezee greda la kufunga nyuma", na fundi anaitikia hamna shida bosi. Mwaka huu hii ni mara ya tatu mtu ananitajia "greda la trekta" na mimi nanyamaza, leo sinyamazi.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Greda ni mashine nzima, ina injini yake, na bladi yake ndefu, yaani lile bamba la chuma linalokwangua udongo, iko tumboni, kati ya tairi za mbele na za nyuma. Kinachofungwa kwenye ile mikono mitatu nyuma ya trekta (mfumo aliouleta Harry Ferguson, jina lake bado liko kwenye boneti ya jirani) ni bladi. Basi.

Sasa neno lenyewe ndo tamu. Greda ni neno la Kiingereza, limetoka kwenye "grade", na hilo nalo mizizi yake ni Kilatini, gradus, yaani hatua au ngazi. Ndo hapohapo ilipotoka gredi ya shuleni na gredi ya kahawa, hawa ni ndugu wa tumbo moja. Kwa watu wa barabara "grade" ni mwinamo, yaani njia inapanda au inashuka kiasi gani, kwa hiyo greda ukilitafsiri kwa haki ni mashine ya kuipa njia mwinamo. Sio ya kuilaza iwe kama meza! Halafu watu wanasema "greda limekuja kusawazisha". Barabara ya changarawe iliyosawazishwa ni bwawa linalosubiri mvua. Inatakiwa iwe na mgongo katikati, mwinamo wa kama asilimia 4 hadi 6 kila upande, maana yake njia ya upana wa mita 4 katikati inyanyuke kama sentimita 10 kuliko kingo zake, maji yakianguka yanajua pa kwenda.

Na hapa Kiswahili kimewazidi wenye neno lao, kwa sababu sisi tunasema greda linachonga barabara. Kuchonga! Anayechonga mwiko au mtumbwi hasawazishi kitu, anatoa umbo. Aliyeanza kusema hivyo aliiangalia ile kazi vizuri kuliko wengi wetu.

(Wanaoita kila mashine ya njano katapila nao nitawafuata siku nyingine. Caterpillar ni jina la kampuni, maana yake kiwavi, kwa ajili ya ile minyororo ya chuma inayotambaa. Kwenye magreda waliingia baadaye, walinunua kampuni ya magreda ya Russell mwaka 1928 na mwaka 1931 wakatoa greda linalojiendesha kwa matairi ya mpira. Kiwavi chenye matairi, haya.)

Mtu atasema bladi ni bladi, unatusumbua na majina tu. Hapana bwana, inapokaa ndo kila kitu. Kwenye greda bladi iko katikati ya mwili mrefu, tairi za mbele zikipanda tuta, bladi inapanda kidogo tu, kwa hiyo inalikata lile tuta. Kwenye trekta bladi inaning'inia nyuma kabisa, ni pembea ya watoto, pua ikipanda mkia unashuka, yaani tairi za mbele zikikanyaga tuta bladi inachimba shimo huku nyuma, zikiingia shimoni bladi inanyanyuka na kuacha tuta. Unapita mara tano kwa bidii zote na kila ukipita unazidi kuongeza mawimbi, unamlaumu dereva bure.

Ndo maana kuchagua kifaa kunategemea unataka nini. Bladi ya kawaida inayozunguka kwa pembe ni nzuri kuvuta changarawe iliyokimbilia mtaroni na kuirudisha katikati, yaani kurudisha mgongo, ila kwa kulainisha ni mbaya. Na ukiizungusha inapungua upana, ya futi 6, yaani kama mita 1.8, ukiipa pembe ya nyuzi 30 inabaki kufagia kama mita 1.56, kwa hiyo pima kwanza tairi zako za nyuma kutoka nje mpaka nje, la sivyo alama zake zinabaki pembeni. Ile ya boksi, yenye kuta mbili na meno mbele, inachimbua udongo uliokauka, inaubeba na kuumwaga mashimoni, nayo bado ni fupi, pembea ipo palepale. Fremu ndefu yenye bladi mbili, inayoteleza chini kwa miguu yake yenyewe, ndo inayokaribia tabia ya greda, kwa sababu inajiegemeza kwenye ardhi na haifuati sana pua ya trekta. Kwa njia ambayo bado ina umbo ningechukua hiyo bila kufikiri mara mbili. Kama umbo lilishapotea haikusaidii kitu, anza na bladi ya kuzunguka.

Na mawimbi yakatwe mpaka chini kabisa ya bonde lake, siku udongo una unyevu, sio kufukia vumbi juu halafu wiki ya pili unashangaa yamerudi.

Kwa hiyo jirani, sikugombi. Ukirudi kwa fundi mwambie unataka bladi, muulize itazunguka au imekazwa, akikuambia imekazwa na itanyoosha njia iwe flati kama sakafu, mwambie asubiri kwanza kuchomea, njoo tuongee.