Asilimia 30 iliyopitia dirishani

Ukiletewa rasimu ya mkataba wa kikanda, ruka dibaji. Dibaji zote zinafanana, zote zinapenda amani. Funua kurasa mpaka uyaone mabano ya mraba, maana huko ndiko ugomvi ulikolala.

Kwa asiyeijua kazi yetu, mimi ni mwandishi wa rasimu. Nakaa nyuma ya wajumbe kwenye vikao vya wataalamu, na wanapovutana juu ya neno, neno hilo naliwekea mabano ili kikao kisonge. Kwa mfano: "Nchi wanachama zitahakikisha [angalau asilimia 30] [uwiano unaofaa] wa wanawake katika vyombo vya uamuzi." Hapo kuna kambi mbili, kila moja na mabano yake. Wataalamu wakishindwa kuelewana, mabano yanapanda kwa makatibu wakuu, kisha kwa mawaziri. Mawaziri nao hawataki kuwapelekea marais karatasi yenye mabano, kwa sababu mikutano ya wakuu wa nchi huamua kwa mwafaka na hakuna anayetaka bosi wake abishane mbele ya kamera. Kwa hiyo usiku wa kuamkia mkutano mkuu mabano yote lazima yaondoke. Ama upande mmoja unashinda, ama maneno yote mawili yanafutwa, ama linapatikana neno la kati ambalo kila ujumbe utalitafsiri utakavyo ukifika nyumbani.

Hilo neno la kati ndilo linalonikosesha usingizi.

Watu wa nje hudhani usawa wa kijinsia unapingwa mezani. Haupingwi. Sijawahi kumsikia balozi akiomba kipaza sauti kusema hautaki usawa. Kinachopingwa ni tarakimu, tarehe na nani atalipa. Chukua Mkataba wa Kuanzishwa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Ibara ya 6 imeuweka usawa wa kijinsia kati ya kanuni za msingi za Jumuiya. Ibara ya 121 inausifu mchango wa wanawake katika maendeleo. Lakini shuka hadi ibara ya 50, pale viti vinapogawiwa kweli, wabunge 9 kwa kila nchi katika Bunge la Afrika Mashariki. Hapo unaambiwa wawakilishe vyama vilivyomo bungeni, makundi mbalimbali na jinsia, kadiri inavyowezekana. Wanaowachagua ni mabunge ya nchi zenyewe. Sasa niambie, nani atakwenda kupima kilichowezekana Nairobi au Juba?

Lawama hii nami nimo. Kikao kimoja, ambacho sitakitaja, kilifika saa nane usiku. Chai ilishapoa kwenye chupa, wakalimani walikuwa wanaangalia saa waziwazi, na mabano yaliyobaki yalikuwa mawili tu, ya tarakimu ile ile. Ni mimi niliyenyoosha kalamu na kupendekeza "inapowezekana". Dakika tano hazikupita, mabano yakafutika, watu wakagonga meza kwa furaha, tukaenda kulala. Asubuhi, kwenye foleni ya kifungua kinywa, mama mmoja aliyeipigania tarakimu hiyo siku tatu aliniangalia, akachukua sahani yake, akahamia meza nyingine. Alikuwa na haki.

Tangu hapo, vijana wapya wa kazi hii nawaanzishia na Burundi. Nawarudisha kwenye mazungumzo ya amani ya nchi hiyo, Arusha, mwaka 1998 hadi 2000.

Vita vilikuwa vimeanza Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa. Julai 1996 Pierre Buyoya akachukua madaraka kwa mapinduzi, na kabla wiki haijaisha viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Watu husahau uzito wa hatua hiyo. Burundi haina bahari. Sehemu kubwa ya mizigo yake hupitia Dar es Salaam na Kigoma. Majirani walipofunga njia, walikuwa wamefunga mlango wa duka na wa jikoni kwa pamoja. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999, mazungumzo yakiwa yameshaanza, na mpaka leo wataalamu wanabishana kama viliiumiza serikali au mwananchi wa kawaida. Mimi nasema vyote viwili, na mwananchi zaidi. Ila bila hivyo sidhani kama Buyoya angeketi.

Mpatanishi alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Mezani pande zilikuwa 19: serikali, Bunge na vyama 17. Mwalimu aliwagawa katika kamati, ya chanzo cha mgogoro, ya demokrasia na utawala bora, ya amani na usalama, ya ujenzi mpya na maendeleo, na mwisho ya dhamana za utekelezaji. Kamati nne za kwanza ziliongozwa na wageni: Armando Guebuza wa Msumbiji, aliyekuja kuwa rais wa nchi yake, Nicholas Haysom wa Afrika Kusini, padri Matteo Zuppi wa Italia, ambaye leo ni kardinali, na Georg Lennkh wa Austria. Wanaume wote. Ndani ya ujumbe wa vyama wanawake walikuwa wa kuhesabu kwa vidole.

Wanawake wa Burundi walikwenda Arusha hivyo hivyo, bila kualikwa. Vyama viliwakatalia. Hoja ilikuwa kwamba hao si upande wa mgogoro: hawana chama, hawana jeshi. Nawaomba wanafunzi waisome hoja hiyo mara mbili, maana kwa lugha ya upatanishi maana yake ni kwamba asiyepigana hana kiti. Baada ya kubisha hodi sana, na kuwafuata wakuu wa nchi za jirani mmoja mmoja, wanawake 7 wakapewa hadhi ya waangalizi. Mwangalizi anakaa ukumbini, anasikia, hapewi kipaza sauti.

Wakaitumia hadhi hiyo kama inavyotumiwa na watu wenye akili, yaani kwenye korido. Aliyekaa ndani ya mikutano hii anajua kwamba mengi huamuliwa kati ya mlango wa ukumbi na meza ya kahawa. Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, Nelson Mandela akarithi upatanishi, na Julai 2000 wanawake wakaitiwa mkutano wao wenyewe Arusha, ulioandaliwa na shirika la Umoja wa Mataifa la wanawake la wakati huo, UNIFEM, pamoja na Taasisi ya Mwalimu Nyerere. Kila upande kati ya zile 19 ulileta wanawake wawili, wakaungana na wale waangalizi 7. Hapa kuna ufundi ninaoupenda. Wawakilishi wa vyama vya Wahutu na vya Watutsi, ambavyo wanaume wao walikuwa hawasalimiani vizuri, walitoka na orodha moja ya mapendekezo na kuikabidhi kwa Mandela. Orodha moja haiwekewi mabano kirahisi, kwa sababu chama kikiipinga kinawapinga wanawake wake wenyewe waliotia mkono.

Zaidi ya nusu ya mapendekezo hayo yaliingia kwenye Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000. Asilimia 30 ya wanawake katika vyombo vya uamuzi, waliyoidai humo, haikuingia.

Siku ya kutia saini yenyewe ilikuwa ya mashaka. Bill Clinton alikuwapo, marais wa kanda walikuwapo, na bado baadhi ya vyama vya Watutsi vilisaini kwa masharti, vingine vikasubiri hadi Nairobi mwezi uliofuata. Hakukuwa na makubaliano ya kusitisha mapigano, wala haikujulikana nani angeongoza serikali ya mpito. Makundi makubwa yenye silaha hayakuwa mezani kabisa; CNDD-FDD ilikuja kusaini makubaliano ya jumla na serikali Novemba 2003, Dar es Salaam, na FNL ikafuata Septemba 2006, hapo hapo Dar es Salaam. Kwa hali hiyo ningeelewa kama wanawake wangesema tarakimu yetu imekufa, twende nyumbani.

Hawakwenda. Mkataba ulikuwa umeagiza kipindi cha mpito na katiba mpya, na katiba nayo huanza kama rasimu, yenye mabano yake na makatibu wake waliochoka. Wakahamia huko. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni Februari 2005 iliandika kwamba Bunge liwe asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi, Watwa, kabila dogo la tatu, wapate viti 3, na wanawake wasipungue asilimia 30, bungeni na serikalini. "Wasipungue." Mlango ulifungwa Arusha, tarakimu ikapita dirishani Bujumbura.

Tena, tofauti na ile "kadiri inavyowezekana", hii ilikuja na mashine ya kuisukuma. Uchaguzi ukiisha na hesabu ya makabila au ya wanawake haijatimia, tume ya uchaguzi inaongeza wabunge mpaka itimie. Mwaka 2005 wabunge 100 walichaguliwa, na kwa nyongeza hizo pamoja na viti vya Watwa Bunge likawa na watu 118. Immaculée Nahayo akawa Spika. Alice Nzomukunda akawa makamu wa pili wa rais. Katiba ya 2018, ambayo mambo mengi ya Arusha iliyabadilisha, hiyo asilimia haikuigusa.

Kuna wanaosema nambari za aina hii zinazaa wabunge wa kupiga makofi tu. Wapo, siwezi kukataa, na wa kiume wapo pia. Mimi najali kitu kidogo zaidi: kifungu chenye "wasipungue" kinaweza kupelekwa mahakamani, na kifungu chenye "inapowezekana" hakiwezi.

Basi tukitoka Bujumbura tukapanda milimani, nambari inaishiwa nguvu. Mwaka 2005 mabaraza ya milima, ngazi ya chini kabisa ya uongozi Burundi, hayakuwekewa sharti la asilimia 30. Na huko milimani ndiko mashauri ya ardhi yanakoanzia. Ardhi ni finyu, familia ni kubwa, na waliorudi kutoka ukimbizini Tanzania wamekuta mashamba yao yanalimwa na wengine. Mume akiwa amefia kambini, mjane anayerudi na watoto anasimama mbele ya mashemeji ambao tayari wameshapanda maharage, na wazee wanaosikiliza ni wanaume karibu wote.

Kanda ililiona hilo. Desemba 2006, Nairobi, nchi za Maziwa Makuu zilitia saini Mkataba wa Usalama, Utulivu na Maendeleo, ukiwa na itifaki 10, yaani mikataba midogo iliyoambatishwa. Moja ni ya kuzuia ukatili wa kingono dhidi ya wanawake na watoto. Nyingine, isiyosomwa sana, ni ya haki za mali za watu wanaorejea, na ndani yake wanawake wanaorudi wametajwa waziwazi. Sekretarieti ya Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu, chombo kinachousimamia mkataba huo, iko Bujumbura kwenyewe, mwendo mfupi tu kutoka kwenye milima ninayoisema.

Lakini itifaki inahitaji sheria ya nchi ya kuishika mkono, na Burundi haijapitisha sheria ya mirathi. Anayerithi shamba anaamuliwa na mila, na mila inampa mwana wa kiume. Mapendekezo ya sheria hiyo yamejadiliwa miaka mingi. Pingamizi linalosikika si kwamba mwanamke hastahili. Ni kwamba ardhi haitoshi, kwamba muda haujafika, kwamba jamii iandaliwe kwanza. Ukiyaandika maneno hayo kwenye rasimu, yatakaa vizuri kabisa ndani ya mabano.