"Zima uwashe" na uongo mwingine kuhusu seva iliyojaa diski

Juzi saa nane usiku simu inaita. "Kaka, seva imetufungia nje. Nimeshaizima na kuiwasha mara tatu." Nikamuuliza kama kabla ya kuzima alikuwa na dirisha la SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) lililo wazi. Alikuwa nalo, tangu asubuhi. Yaani mtu yumo ndani ya nyumba, anautazama moto uso kwa uso, anatoka nje na kujifungia mlango ili auzime vizuri.

Diski ilikuwa imejaa, na hadithi hii nimeisikia kwa wateja wengi mno, pamoja na dhana zao ninazozipinga hapa moja moja. Sasa naiandika, nipate cha kuwatumia badala ya kuamka.

"Diski imejaa? Zima uwashe."

Hii ndiyo inayoniumiza kichwa kuliko zote, na ugumu wa kuipinga ni kwamba kuna siku inafanya kazi. Tuanze na siku hiyo.

Kwenye Linux, jina la faili na faili lenyewe ni vitu viwili. Ukipiga rm (amri ya kufuta) kwenye access.log, yaani logi ya wanaotembelea tovuti, wakati nginx, programu inayohudumia tovuti hiyo, inaendelea kuliandikia, ulichofuta ni jina tu. Data imebaki kwenye diski, na nginx inazidi kuimwagia mistari hadi siku itakapoliachia. Ndiyo maana du inakwambia umetumia GB 12 huku df ikishikilia kwamba zote 40 zimekwisha. Hakuna anayedanganya hapo: du inahesabu mafaili yenye majina, df inahesabu nafasi iliyoshikwa. Sasa ukizima seva, nginx inakufa, lile faili lisilo na jina linakosa wa kulishika, nafasi inarudi. Mteja anafurahi, anawasimulia wenzake, na dhana inapata mtetezi mpya.

Lakini kama hukufuta kitu, kuzima hakukurudishii nafasi ya maana. Logi ya GB 27 iliyokuwepo jioni itakuwepo na alfajiri. Kibaya zaidi, umeziua programu zilizokuwa zinajikokota kwa sababu tu ziliamka kabla diski haijajaa. Chukua MySQL, programu ya kanzidata. Ikikosa nafasi katikati ya kuandika, haijifii: inasubiri, kila dakika inachungulia kama nafasi imepatikana, na ukiipatia inaendelea pale ilipoishia. Ukiizima, inapoamka inataka kwanza kuunda upya faili lake la muda, ibtmp1, la MB 12 hivi. Ikikosa pa kuliweka, inakataa kuwaka. Ulikuwa na kanzidata iliyoduwaa. Sasa huna kabisa.

Kwa hiyo, ukiwa na dirisha la SSH lililo wazi, usilifunge. Usilifunge hata ukiambiwa na bosi. Piga df -h ujue ni sehemu ipi iliyojaa, kisha du -xh --max-depth=1 / | sort -h, ushuke folda moja baada ya nyingine hadi umkute mwenye tumbo. Mara nyingi utamkuta /var/log, au /var/lib/docker, makazi ya Docker inayoendesha programu ndani ya vifurushi viitwavyo kontena, ambako logi za kontena hazina kikomo zikiachwa na mipangilio ya kawaida, au folda ya bakapu ambayo mtu aliiweka kwenye seva ileile inayofanyiwa bakapu (huyo tutazungumza naye siku nyingine). Ukikuta logi nono, usiifute. Ikamue: truncate -s 0 na jina lake. Faili linabaki, mwandishi wake habughudhiki, nafasi inarudi papo hapo. Na kama umeshateleza ukapiga rm, lsof +L1 itakuonyesha mafaili yote yaliyofutwa lakini bado yameshikwa, na nani anayeyashika. Washa upya huyo mmoja tu, si seva nzima.

Kama umeshajifungia nje, njia ni mbili. Ya kwanza ni konsoli iliyomo kwenye paneli ya mtoa huduma wako. Hiyo haipiti kwenye SSH, na kama diski imeandaliwa kwa ext4 (mfumo wa kupanga mafaili), asilimia 5 huwa imetengwa kwa ajili ya root, msimamizi mkuu wa seva, kwa hiyo root anaweza kupata pa kupumulia pale mtumiaji wa kawaida anapogonga ukuta. Ya pili ni hali ya uokoaji: seva inawaka kwa mfumo mwingine kabisa, diski yako ikiwa imelala pembeni kama mgonjwa kwenye machela. Piga lsblk uitambue, mount /dev/vda1 /mnt kama hilo ndilo jina lake, nenda /mnt/var/log ufanye usafi. Huku rm haina mizengwe, maana hakuna nginx wala MySQL yoyote iliyoshikilia kitu cha diski hiyo. Ukimaliza, ishushe kwa umount, rudisha hali ya kawaida, ndipo uwashe. Hapo ndipo kuwasha upya kunapofaa: mwisho wa kazi.

"Paswedi haikubali, tumedukuliwa."

Inawezekana, lakini angalia diski kwanza. Fikiria mlinzi wa getini ambaye hawezi kukuruhusu kabla hajaandika jina lako kwenye daftari la wageni, na daftari limejaa. Hakukatai wewe, hana pa kuandika. Paneli nyingi za wavuti ziko hivyo: paswedi yako ni sahihi, ila paneli inashindwa kuhifadhi faili la sesheni, inakurudisha kwenye ukurasa uleule wa kuingia.

Kisha mtu anaanza kubadilisha paswedi. Amri ya passwd inahitaji kuandika faili jipya kabla ya kuliondoa la zamani, na nafasi hakuna, kwa hiyo inagoma. Hapo hakuna hasara. Hasara ni pale anapoamua kuhariri authorized_keys, faili la funguo zinazoruhusiwa kuingia kwa SSH, ili aweke ufunguo mpya. Kihariri kinalifungua faili, kinalikata hadi sifuri, kinajaribu kuandika, kinakosa nafasi. Faili linabaki na baiti 0. Dakika tano nyuma alikuwa hajafungiwa, sasa amefungiwa kweli. Nimewahi kukuta wp-config.php (faili la mipangilio ya WordPress) la duka zima la mtandaoni likiwa na baiti 0 kwa mtindo huohuo, na mwenye duka anaapa hakugusa kitu. Diski ikiwa imejaa, usihariri chochote. Toa kwanza, andika baadaye.

"df inaonyesha nafasi ipo, kwa hiyo tatizo si diski."

Piga df -i. Kila faili linahitaji inodi moja (rekodi inayolitambulisha kwenye diski), na kwenye ext4 idadi yake hupangwa siku diski inapoandaliwa; kwa kawaida ni moja kwa kila KB 16, yaani kama milioni 2.6 kwa diski ya GB 40. Mafaili madogo ya sesheni za PHP au ya kache yakizimaliza, seva itakwambia hakuna nafasi hata kama nusu ya diski ni tupu.

"Chochote kikubwa ndani ya /var ni takataka."

Sawa, futa binlog za MySQL (logi za mabadiliko ya kanzidata) kwa mkono, halafu unipigie. Tumia PURGE BINARY LOGS, kanzidata ijifutie yenyewe na orodha yake ibaki sawa. MySQL 8.0 huzitunza siku 30 usipoigusa. Kama huna seva ya pili inayonakili, wala huzitegemei kwa bakapu, punguza.

"Dawa ni kununua diski kubwa."

Wakati mwingine, ndiyo. Ila logi iliyokula GB 40 itakula na 80. Na kuongeza kwenye paneli ni nusu ya kazi: bado utahitaji growpart kupanua sehemu ya diski, kisha kupanua mfumo wa mafaili kwa resize2fs kama ni ext4 au xfs_growfs kama ni XFS. Kichekesho ni kwamba growpart yenyewe inataka nafasi kidogo /tmp, kwa hiyo kwenye diski iliyojaa pomoni inakataa kuongeza diski kwa sababu diski imejaa. Pandisha kwanza tmpfs (nafasi ya muda iliyo kwenye RAM) ya MB 10 juu ya /tmp, itapita.

Mimi kila seva ninayoikabidhi huwa naiachia debe la akiba, faili la kushikilia nafasi tu: fallocate -l 1G /usiniguse.img. Halina kazi yoyote. Siku diski ikijaa unalipiga rm, hakuna programu inayolishika, GB 1 inarudi hapohapo, unaingia ndani na kufanya kazi kwa utulivu. Yule wa saa nane usiku alikuwa nalo. Alilifuta mwezi uliopita, kwa maelezo yake, "lilikuwa linajaza diski tu".