Makundi ya Maslahi katika Demokrasia ya Marekani

Kundi la maslahi ni watu, kampuni au taasisi zilizoungana ili kuishinikiza serikali ifuate sera fulani, bila wao wenyewe kugombea madaraka. Hapo ndipo linapotofautiana na chama cha siasa: chama hutaka kuunda serikali, hivyo hulazimika kuwa na msimamo juu ya kila jambo, ilhali kundi la maslahi laweza kung'ang'ania jambo moja tu, mwaka nenda mwaka rudi, na kushirikiana na yeyote aliye madarakani.

Nchini Marekani makundi haya yanalindwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanayowapa watu haki ya kukusanyika na kupeleka malalamiko yao serikalini. James Madison, mwanasiasa aliyeandaa Marekebisho hayo, hakuyapenda makundi. Katika makala yake ya Novemba 1787 alionya kwamba yanaweza kudhuru umma, lakini akaona kuwa kuyafuta ni sawa na kuufuta uhuru wenyewe. Tumaini lake lilikuwa kwamba katika jamhuri kubwa yatakuwa mengi kiasi cha kuzuiana.

Tumaini hilo limetimia nusu tu, kwa sababu nguvu ya kundi haitokani na wingi wa watu wake. Tazama sukari. Serikali huwekea mipaka sukari inayoingia kutoka nje, na bei ya ndani kwa kawaida huwa juu kuliko ya soko la dunia. Mlaji hulipa nyongeza ndogo asiyoihisi, wala hawezi kufunga safari hadi Washington kwa ajili yake. Wakulima wa miwa wa Florida na Louisiana, pamoja na wale wa viazisukari wa Minnesota, riziki yao yote imo humo, basi hawakosekani muswada wa kilimo unapojadiliwa.

Anti-Saloon League, iliyoanzishwa Ohio mwaka 1893 kupinga pombe, ililielewa hilo mapema. Haikumuuliza mgombea ni wa chama gani, wala hata kama yeye mwenyewe anakunywa. Iliuliza atapigaje kura. Mwaka 1905 ilisaidia kumwangusha gavana wa Ohio, Myron Herrick, na wanasiasa wengine wakapata somo. Mwaka 1919 marufuku ya pombe iliingizwa katika Katiba, ikaja kuondolewa mwaka 1933.

Wasio na kura za kutosha wala fedha nyingi wana mlango mwingine, nao ni mahakama. NAACP, iliyoundwa mwaka 1909 kutetea haki za Wamarekani weusi, haikuwa na matumaini katika Seneti, baraza la juu la Bunge la Marekani, ambako maseneta wa Kusini walikwamisha miswada ya haki za raia. Mawakili wake walijenga kesi moja baada ya nyingine hadi Mahakama ya Juu ilipobatilisha ubaguzi katika shule za umma mwaka 1954.

Tangu sheria ya mwaka 1995, washawishi, yaani watu wanaolipwa kuishawishi serikali kwa niaba ya wengine, wanaofikia viwango vilivyowekwa hutakiwa kujisajili, kumtaja mteja, malipo na suala wanalolishughulikia. Kuhusu waliyekwenda kumwona, fomu huridhika na jina la Seneti, Baraza la Wawakilishi au idara husika. Jina la mbunge mwenyewe halidaiwi.